Mpango wa Biashara wa Mama Merveille

Watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, wanasema nilimwacha mume wangu kwa sababu ya cherehani. Wengine wanaongeza kwamba nilishinda shindano la mpango wa biashara, kichwa kikanivimba. Mtu anayepanga foleni ya mahindi tangu alfajiri atapata wapi kichwa cha kuvimba? Nitasimulia ilivyokuwa, na anayetaka kuendelea kusema aendelee.

Naitwa Charlène. Nimezaliwa Bukavu na nimeshona tangu nikiwa msichana. Tulifika kambini watu watatu: mimi, mume wangu Rémy, na binti yetu Merveille ambaye alikuwa bado ananyonya. Rémy alikuwa mwalimu kwetu, na Dzaleka aliendelea kufundisha kwa posho isiyotosha hata sabuni. Mimi nilikuwa na cherehani moja ya mguu niliyoazimwa na kanisa, na kwa cherehani hiyo nilishonea kwaya. Kambini kila kanisa lina kwaya, na hakuna kwaya itakayokubali kusimama mbele ya kwaya nyingine na sare ya mwaka jana. Watu wanakosa mafuta ya kupikia lakini sare ya Pasaka hawaikosi. Walichanga kidogo kidogo, mimi nikafuata vitambaa kwa Wahindi wa jumla kule Old Town, Lilongwe, nikarudi kushona mpaka vidole vikafa ganzi. Magauni ya kitenge niliyoshona kati ya sare na sare nilimpelekea Antoinette, mwenzangu wa kanisani aliyekuwa akiishi Nsungwi, mtaa wa Lilongwe, kwa kujificha-jificha kwa sababu wakimbizi haturuhusiwi kuishi nje ya kambi, akaniuzia kwa wanawake wa mjini.

Sikuwa tajiri. Lakini pia sikuwa mtu wa kuonewa huruma, na jambo hilo tulilificha kama wengine wanavyoficha ugonjwa.

Tulilificha kwa sababu tulikuwa na dosiye. Mwenye dosiye ni mtu anayengoja kupelekwa nchi nyingine, Kanada au Amerika au Australia, na sote kambini tuliamini kwamba anayengoja hivyo lazima awe mtu asiyeweza kuishi hapa. Karatasi yoyote iliyouliza kama tuna kipato, Rémy aliijibu "hakuna" kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Jirani yetu Nduwayo, Mrundi mpole, alifungua mgahawa wa maharage na chapati, na kabla mwaka haujaisha dosiye yake ikafungwa. Hakuna ofisi iliyomwambia kwa nini. Sisi majirani ndio tuliomwambia: ni mgahawa, naye akaufunga. Tangu hapo gari la ofisi likionekana kwenye barabara ya vumbi, watu walikuwa wakikimbiza baiskeli na televisheni kuzificha nyumba za wenzao, na ukiingia ndani unakuta kila mtu amekaa kwenye mkeka ametazama chini. Tulikuwa hodari sana wa kuwa maskini.

Mwaka 2012 shirika moja likaja na mafunzo ya ujasiriamali. Atakayeandika mpango bora wa biashara atapewa cherehani nne mpya na chumba sokoni, kodi yake imelipwa. Nilijiandikisha siku ileile. Nilikuwa nimechoka kungoja, nisidanganye. Nilikuwa nimechoka kumlea mtoto kwa maneno "tukifika kule". Viatu tukifika kule, shule nzuri tukifika kule. Merveille alikuwa ameanza kuchora ndege ukutani kwa mkaa, na kila nilipoipangusa moja alichora nyingine.

Mwalimu wetu alikuwa Madam Nyirongo, Mmalawi wa kaskazini, mwanamke wa miwani na subira. Alifundisha kwa Kiingereza na Zénon, kijana wa Uvira, akatufasiria. Alisema msomaji wa mpango wa biashara hakuonei huruma na wala hapaswi kukuonea. Anataka kujua wateja wako ni akina nani, unashindana na nani, unatumia kiasi gani, kinachobaki ni kiasi gani. Kisha akatugawia karatasi iliyogawanywa sehemu nne: nguvu, udhaifu, fursa, vitisho. Tukainama kuandika.

Sehemu ya udhaifu tuliijaza mpaka pembeni. Mzee mmoja aliomba karatasi ya pili. Tuliandika vita, tuliandika waliokufa, tuliandika presha na vidonda vya tumbo. Sehemu ya nguvu ikabaki nyeupe darasa zima, isipokuwa kwa mama mmoja aliyeandika "Mungu". Madam Nyirongo alizikusanya, akazisoma, akavua miwani. Alisema kwa upole kwamba huo haukuwa mpango, ulikuwa ombi la msaada. Nilimchukia siku hiyo. Yeye hajawahi kusimama dirishani akaulizwa na mtu mwenye kalamu ni nani aliyemuua baba yake na alikuwa amevaa nini. Miaka yote hiyo hakuna mtu mwenye kalamu aliyetuuliza tunaweza nini. Lakini alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikaanza upya. Niliandika kwaya zinazonishonesha na miezi zinapobadilisha sare. Niliandika kwamba mshindani wangu ni Mukankusi, Mnyarwanda wa upande wa pili wa soko, anayeshona vizuri kuliko mimi lakini hajawahi kutimiza tarehe, na kwaya haiwezi kuimba Pasaka sare zikiwa hazina mikono. Niliandika magauni ya Nsungwi bila kumtaja Antoinette. Mwishoni nikaandika faida, faida ya kweli, kwa kalamu yangu mwenyewe. Niliposoma nilichokiandika nilishangaa huyo mwanamke ni nani. Nilimpenda.

Rémy alisoma akiwa amesimama mlangoni, kwa ajili ya mwanga. Alisoma mpaka mwisho, akaikunja karatasi vizuri, akanirudishia.

"Mama Merveille," akasema, "hii karatasi itaua dosiye yetu."

Nikamwambia ile ni karatasi ya shirika, si ya ofisi ya dosiye. Akacheka bila furaha. Akasema karatasi zote zinalala nyumba moja. Akanikumbusha Nduwayo. Tuligombana siku kadhaa, kwa sauti ya chini kwa sababu kuta za kambini zinasikia, na sitaki mtu afikiri Rémy alikuwa mume mbaya. Aliogopa tu. Mwanamume aliyewatoa mke na mtoto Bukavu wakiwa hai ana haki ya kuogopa. Mimi nami niliogopa, lakini niliogopa kitu kingine: kwamba tungezeeka kwenye ule mkeka tukitazama chini, na Merveille akiwa pembeni yetu, amejifunza kutazama chini vilevile.

Rémy ndiye aliyepata njia. Nayo haikuwa ngeni, wengi walikuwa wameipita: mume na mke wanakwenda ofisini, wanasema wameachana, kadi ya chakula inagawanywa mara mbili. Yeye abaki na dosiye, maskini kama inavyotakiwa. Mimi nibaki na biashara, kwa jina langu peke yangu, nami niandike faida nipendavyo.

"Ni ya makaratasi tu," akasema. "Mi nikifika kule, nitakuita. Bantu banaita babibi yao kila siku."

"Na mutoto?"

"Mutoto abakie kwangu, mu dosiye. Iko mule toka mwanzo. Tukimutoa, bataanza kuuliza."

Nilikubali. Sikulazimishwa, sikurogwa. Nilikubali upesi kuliko inavyofaa, kwa sababu nilitaka zile cherehani na kwa sababu nilidhani karatasi haiwezi kuingia kitandani mwa watu.

Ofisini walituuliza sababu ya kuachana. Tulikuwa tumesahau kuitafuta. Rémy akafikiri kidogo, akasema mke wangu anapenda kazi yake kuliko nyumba yake. Alilisema vizuri mno. Nilitikisa kichwa kukubali, na nilipokuwa nikitoka nilimtazama pembeni nione kama anatabasamu. Hakutabasamu.

Shindano lilifanyika Lilongwe, kwenye ukumbi wenye viti vya vitambaa na maji ya chupa. Niliwaeleza waamuzi habari za kwaya na sare, wakacheka pale nilipotaka wacheke. Mmoja akaniuliza udhaifu wangu ni upi. Nikamjibu ni cherehani moja. Nilishinda. Madam Nyirongo alinikumbatia, nikamwambia zikomo, asante ya kwao, mpaka akaniambia inatosha. Nilipofika nyumbani Rémy alikuwa amepika nsima, ugali wa huku, na samaki, tukala sote watatu tukicheka, na sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha vile tena.

Baada ya hapo wakaanza kupita watu wa kuhakiki kadi, na ikabidi Rémy ahame. Alipanga chumba karibu na Zénon. Kila jioni alikuja kula akipitia nyuma ya nyumba kama mdaiwa, na Merveille alilala kwake siku ambazo uhakiki ulisemekana uko karibu. Mtoto hatukumwambia kitu. Tulimwambia papa anafundisha upande ule. Mtoto wa umri ule ukimpa siri ataipeleka kisimani kabla ya ndoo.

Cherehani nne zilikuwa zinalia sokoni toka asubuhi, nikawa nimeajiri wasichana wawili, na kwa muda ule mpango wangu ulikuwa unatembea mstari kwa mstari. Kisha mchungaji akaniita. Alikuwa amesikia kwamba nimemwacha mume. Ningemjibu nini? Mchungaji wetu anahubiri Jumapili yote aliyoambiwa Ijumaa. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa jibu. Walinitoa kwenye chama cha akina mama, kwa sababu mwanamke aliyeacha nyumba hawezi kuongoza maombi. Baada ya chama zikafuata kwaya. Ilianza moja, kiongozi wake akaniambia kwa aibu kwamba akina mama hawataki kumsifu Mungu wakiwa wamevaa nguo ya mikono yangu. Halafu nyingine. Wote walikwenda kwa Mukankusi na sare zao zikachelewa, wakavumilia.

Kwenye sehemu ya vitisho nilikuwa nimeandika bei ya vitambaa na kukatika kwa umeme. Sikuandika kanisa. Kanisa lilikuwa sehemu ya wateja.

Nikabaki na magauni ya Nsungwi, mpaka polisi walipoanza kuwarudisha watu kambini na Antoinette akarudi na begi moja. Wasichana niliwaaga. Cherehani mbili nilizifunika kwa shuka. Hata Rémy alianza kubadilika. Alikuja kula siku moja, siku mbili hakuja. Akija alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni. Ukisikia unaitwa mtalaka miaka mingi, na wewe mwenyewe ukalitia sahihi, kuna siku unashika sufuria ya mkeo na kuuliza kama unaruhusiwa. Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka aingie kwa mlango wa mbele watu wote wamwone. Lakini dosiye ilikuwa inatembea, tulikuwa tumeambiwa inatembea, na mimi ndiye niliyemkumbusha apitie nyuma.

Mwaka 2016 wakamwita. Rémy na Merveille, Kanada.

Alikuja dukani mchana, mlango wa mbele kwa mara ya kwanza, akakaa kwenye kiti cha wateja. Hakuna aliyefurahi. Ofisi ilikuwa imemwambia kwamba mtoto hawezi kuondoka bila mama yake kukubali mbele ya afisa, na kwamba mama ataulizwa kama ni kweli waliachana. Tuligeuza jambo lile kila upande. Tukisema ukweli, tumewadanganya miaka minne, dosiye inaanguka na watatu wote tunabaki. Tukisema tumerudiana, hakuna mtu mwenye akili atakayeamini ndoa inayofufuka wiki ya safari. Na kuhusu kuniita baadaye, Zénon, ambaye sasa alikuwa mkalimani na alijua mambo hayo, alikuwa amemweleza wazi: mke uliyeapa umemwacha humwiti, na ukimwita watarudi kusoma ulichoapa.

"Sema neno moja tu," Rémy akaniambia. "Ukisema tubaki, tutabakia."

Alikuwa anasema kweli, angebaki. Nilitazama zile cherehani zilizofunikwa. Nilitazama nje, soko limejaa vijana waliozaliwa kambini, wamekaa kwenye magogo hawana la kufanya, na hawatakuwa nalo kesho. Merveille alikuwa na miaka tisa na alikuwa wa kwanza darasani. Nilimwambia Rémy aende akatafute sanduku.

Afisa alikuwa mwanamke kijana, Mzungu, na Zénon hakuwa zamu, kwa hiyo mkalimani alikuwa mtu nisiyemjua. Aliniuliza kama niliachana na Rémy kwa hiari yangu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kuna matumaini ya kurudiana. Nikasema hakuna. Aliuliza nitaishije mtoto akiondoka. Hapo, Mungu anisamehe, nilimpa mpango wote. Wateja, mapato, wasichana niliowaajiri, yote ambayo yalikuwa yamekufa niliyafufua, nikiwa nimekaa wima, kwa sababu niliona angesita kumchukua mtoto wa mama aliyevunjika. Aliandika, akapendezwa. Akanisogezea karatasi nitie sahihi.

Wakati wino unakauka akaanza kuzungumza, mazungumzo tu ya kupoza muda. Mkalimani akayaleta kwa Kiswahili: anasema hongera kwa biashara. Anasema inasikitisha kwamba kazi ilitenganisha nyumba yenu, kwa sababu mwezi uliopita iliondoka familia yenye duka na mashine ya kusaga. Nikamwomba arudie. Akarudia, akidhani sikusikia. Nikauliza kama mwenye duka hafungiwi dosiye. Afisa akatikisa kichwa, akashangaa nimeyatoa wapi. Biashara haina shida, akasema. Hatujawahi kumfungia mtu kwa duka.

Sijui nilitokaje mle ndani. Nakumbuka nilimfikiria Nduwayo, ambaye alifunga mgahawa wake kwa maneno yetu, kwa sababu sisi tulijua. Nakumbuka nilitaka kucheka. Rémy alikuwa akingoja chini ya dirisha na kofia mkononi, akaniuliza wamesema nini. Nikamwambia wamekubali. Hilo lingine sikumwambia. Angelibeba mpaka Kanada, na kule kuna baridi ya kutosha.

Lakini haikuwa imekwisha. Kesho yake ilikuwa zamu ya Merveille. Watoto nao huulizwa, peke yao, kwenye chumba chenye midoli, kwa sauti nzuri. Na Merveille hakujua lolote. Angeulizwa kuhusu mama yake angesema mama ananipenda, papa anakula kwetu, wanacheka pamoja. Kwa maneno hayo matatu kila kitu kingeanguka.

Rémy alisema hawezi. Alitoka nje akakaa juu ya jiwe, mgongo kwetu. Nikamkalisha mtoto kwenye kitanda. Jua lilikuwa bado juu na watoto wengine walikuwa wanacheza mpira wa plastiki uwanjani, alitaka kwenda. Nilimwambia kwamba mimi na papa tuliachana zamani. Akasema hapana, si kweli, juzi papa alikula hapa. Nikamwambia alikuja kumwona yeye. Nilimwambia sipandi ndege. Aliuliza kama nitapanda ya kesho yake. Ningeweza kumwambia ni mchezo, aseme tu. Lakini mtoto anayecheza anaonekana, na wale wanajua kutazama. Alitakiwa aamini. Kwa hiyo nilimwaminisha, jibu moja baada ya jingine, na kila aliposema "lakini mama" nilimkatiza. Alilia, akanyamaza, akaanza kunitazama kama watu wa kanisani wanavyonitazama.

"Wakikuuliza mama iko wapi, utasema nini?"

"Iko ku duka yake."

"Juu ya nini haishi na papa?"

Alitazama mlangoni, kisha akanitazama mimi.

"Juu alipenda kazi yake kuliko siye."

Nilimwambia aseme tena, na safari hii asinitazame.